Muhogo, mtama na sukuma wiki: Jinsi ukoo mmoja wa jeni ulivyozaa sumu, ukali na harufu

Mwezi Septemba mwaka 2017, katika wilaya ya Kasese magharibi mwa Uganda, watu waliotoka kwenye maziko walianza, mmoja baada ya mwingine, kutapika, kuharisha na kuumwa tumbo. Maofisa wa afya walipofuatilia walikuta kwamba chanzo kilikuwa ugali wa muhogo. Hadi uchunguzi ulipokamilika walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 98 katika wilaya hiyo, na wawili kati yao walikuwa wamefariki. Unga uliopelekwa maabara ulikutwa na wastani wa sehemu 88 za sayanidi kwa milioni, ilhali kiwango kinachokubalika kimataifa kwa unga wa muhogo hakizidi sehemu 10 kwa milioni.

Hakuna mtu aliyetia sumu katika unga ule. Sumu ilitengenezwa na muhogo wenyewe, ungali shambani, kwa kutumia vimeng'enya vyake. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jeni zinazouwezesha muhogo kufanya hivyo zina ndugu zao katika mtama, katika mahindi, katika sukuma wiki, kabichi na mgagani. Ni ukoo mmoja. Wengine katika ukoo huo huanzisha utengenezaji wa sayanidi, wengine ule ukali unaowasha ulimi, na wengine harufu inayowaita nyigu waje kuwala viwavi.

Makala hii inaeleza jinsi ukoo wa aina hiyo unavyozaliwa, unavyogawanyika na kupata kazi mpya, na kwa nini elimu hiyo ina uzito kwa mamilioni ya watu ambao muhogo ndio chakula chao cha kila siku.

Maneno mawili ya kuanzia

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia ndani ya kiumbe hai. Bila kimeng'enya, mabadiliko mengi yanayotokea katika jani au katika tumbo la mwanadamu yangechukua muda mrefu mno hata yasiwe na faida. Kila kimeng'enya hupokea vitu maalumu, hukishika kitu hicho katika mfuko mdogo ulio katikati ya protini, hukibadilisha, kisha hukiachilia kikiwa kitu kingine. Umbo la mfuko huo ndilo linaloamua nini kitaingia na nini kitatoka.

Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini. Ukoo wa jeni ni kundi la jeni zinazofanana kwa sababu zote zimetokana na jeni moja ya kale, kama wajukuu wa babu mmoja. Ukoo mkubwa tutakaouzungumzia hapa huitwa P450. Namba hiyo inatokana na rangi ya mwanga ambayo protini hizi huinyonya, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 450, zinapofungamana na kaboni monoksaidi. Mwanadamu ana jeni 57 za P450, nyingi zikifanya kazi ya kuvunja dawa na sumu mwilini na kutengeneza homoni. Mmea mdogo uitwao Arabidopsis, ambao wanasayansi huutumia sana katika utafiti, una takriban 245. Tofauti hiyo ina maana yake. Mnyama akishambuliwa hukimbia. Mmea umefungwa na mizizi yake, na silaha yake kubwa ni kemia.

Ndani ya ukoo huo mkubwa umo mlango mmoja unaoitwa CYP79. Huo ndio mlango wa muhogo na mtama, na ndio pia mlango wa kabichi.

Jembe la pili

Swali la msingi ni hili: jeni yenye kazi muhimu inawezaje kubadilika ikapata kazi nyingine, bila kuuangamiza mmea unaoitegemea? Jibu lililokubalika sana lilielezwa kwa kina na Susumu Ohno, mwanasayansi mwenye asili ya Kijapani aliyefanya kazi Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu urudufishaji wa jeni.

Tuchukue mfano wa kaya yenye jembe moja. Hakuna mkulima atakayethubutu kulipeleka jembe hilo kwa mhunzi lifuliwe liwe mundu, kwa kuwa kesho yake hatakuwa na cha kulimia. Lakini akipata jembe la pili, moja litaendelea kulima na lingine linaweza kubadilishwa. Huenda likaharibika kabisa katika mikono ya mhunzi, na kaya isipate hasara. Huenda pia likawa chombo kipya ambacho kaya haikuwahi kuwa nacho.

Ndivyo ilivyo kwa jeni. Mara kwa mara, wakati chembe zinapogawanyika, kipande cha DNA hunakiliwa mara mbili kwa makosa, na jeni mbili zinazofanana hujikuta zimekaa bega kwa bega. Wakati mwingine kosa huwa kubwa zaidi, na jeni zote za kiumbe hurudufiwa kwa pamoja. Jambo hilo limetokea mara nyingi katika historia ya mimea. Muhogo wenyewe unabeba alama za urudufu wa namna hiyo uliotokea kale sana.

Nakala ya pili ikishapatikana, iko mbele ya njia tatu. Njia ya kwanza ndiyo ya kawaida kuliko zote: makosa madogo hujilimbikiza ndani yake hadi inakufa, ikabaki gofu katika DNA. Njia ya pili ni kwamba makosa hayo, kwa bahati, huupa mfuko wa kimeng'enya umbo jipya, ukaanza kupokea kitu kingine. Basi kazi mpya imezaliwa. Njia ya tatu ni kugawana. Jeni mama ilikuwa na kazi mbili, na kila nakala huishia kubaki na sehemu yake, hata zote mbili zikawa za lazima.

Njia zote tatu zinaonekana katika mlango wa CYP79.

Njia panda iitwayo oksimu

Vimeng'enya vingi vya CYP79 vinavyojulikana hufanya kazi inayofanana katika msingi wake. Huchukua asidi amino, yaani mojawapo ya matofali yanayojenga protini, na kuigeuza kuwa kitu kiitwacho oksimu. Oksimu ndiyo njia panda. Kutoka hapo mmea unaweza kuelekea kwenye sayanidi, au kwenye ukali wa kabichi, au ukaiachilia oksimu yenyewe hewani kama harufu.

Katika muhogo, jeni mbili, CYP79D1 na CYP79D2, huanza safari kwa kupokea asidi amino ziitwazo valini na isolusini. Jeni hizi mbili zinafanana sana, na zote hufanya kazi ileile. Ni pacha ambao bado hawajaachana. Kimeng'enya cha pili, cha mlango wa CYP71, huipokea oksimu na kuisogeza mbele. Kimeng'enya cha tatu hukifungia kitu hicho kwenye sukari ya glukosi. Matokeo ni linamarini, na ndugu yake mdogo lotaustralini, ambazo zikiwa zimetulia hazitoi sayanidi. Sukari ile ni kama ala ya kisu: sumu imo ndani, lakini imefunikwa.

Sehemu kubwa ya linamarini hutengenezwa kwenye majani na kusafirishwa hadi kwenye mizizi. Huhifadhiwa katika kifuko kilicho ndani ya chembe. Kimeng'enya cha kuikata, kiitwacho linamarasi, hukaa mbali nayo, katika ukuta wa chembe. Mdudu anapotafuna, au mwanadamu anapotwanga, kuta huvunjika na viwili hivyo hukutana. Linamarasi huiondoa sukari, na kilichobaki huvunjika kikatoa sayanidi.

Mtama, na jina lililotoka Uarabuni

Wafugaji wa Afrika Mashariki wanajua tangu zamani kwamba ng'ombe hawapaswi kuachiwa shamba la mtama mchanga, hasa uliodumaa kwa ukame kisha ukachipua upya baada ya mvua. Ng'ombe anaweza kufa katika muda mfupi. Sumu ya mtama iligunduliwa mwaka 1902 katika mtama wa Misri, nayo ikaitwa dhurini, jina lililotokana na neno la Kiarabu la mtama.

Mtama nao hutumia kimeng'enya cha CYP79, kiitwacho CYP79A1. Lakini mfuko wake umeumbika tofauti: hupokea asidi amino iitwayo tairosini, si valini wala isolusini. Mabadiliko ya vipande vichache vya protini yametosha kuwafanya ndugu wawili wachague chakula tofauti. Ndiyo maana sumu ya mtama na sumu ya muhogo si kitu kimoja kikemia, ijapokuwa zote huishia kwenye sayanidi ileile.

Kundi la watafiti wa Copenhagen nchini Denmark, likiongozwa na Birger Lindberg Møller, ndilo lililofanya kazi kubwa ya kuzibaini jeni hizi. Mwaka 2001 watafiti hao walichapisha jaribio lililobaki maarufu. Walizichukua jeni tatu za mtama, zile zinazotengeneza dhurini tangu mwanzo hadi mwisho, wakaziingiza katika Arabidopsis, mmea usiokuwa na dhurini. Mmea ule ukaanza kutengeneza dhurini, na mbawakawa wadogo waliozoea kuula wakaukwepa.

Jaribio jingine la awali lilikuwa na fundisho kubwa zaidi. Ilipoingizwa jeni ya kwanza peke yake, bila wenzake wawili, Arabidopsis haikutoa sumu ya mtama. Ilitoa ukali wa aina ya haradali, lakini uliotokana na tairosini, kama mtama unavyotaka. Oksimu ya mtama ilifika njia panda, ikakutana na wafanyakazi wa Arabidopsis, nao wakaipeleka njia yao. Hapo ilidhihirika kwamba mlango ni mmoja na tofauti iko katika hatua zinazofuata.

Kutoka sumu hadi ukali

Arabidopsis ni jamaa wa kabichi. Katika jamii hiyo ya mimea wamo pia sukuma wiki, figili na haradali. Jamaa wa mbali kidogo ni mgagani, ambao uchungu wake unajulikana na kila anayeuchemsha kwa maziwa. Mlonge, ambao mizizi yake huwasha kama haradali. Na mpapai, ambao mbegu zake zikitafunwa huchoma ulimi kama pilipili manga. Ladha hizo zote zina asili moja. Ni kemikali ziitwazo glukosinoleti.

Safari ya glukosinoleti huanza kwenye CYP79, kama ya sayanidi. Lakini baada ya oksimu, kimeng'enya cha mlango wa CYP83, ambao nao ni jamaa wa karibu wa ule wa CYP71, huipokea na kuielekeza kwenye kuunganishwa na salfa. Badala ya sayanidi, mmea hupata silaha yenye salfa, inayowasha na kuwafukuza wadudu.

Wanasayansi wengi wanaona kwamba njia ya glukosinoleti ilichipuka kutoka njia ya kale zaidi ya sayanidi. Ushahidi mmoja uko kwenye shamba la mpapai: mti huo umekutwa na kemikali za aina zote mbili, za sayanidi na za glukosinoleti. Ni kama mtu aliyehamia nyumba mpya lakini bado ana funguo za nyumba ya zamani.

Vita na wadudu vimekuwa sehemu ya historia hii. Vipepeo weupe wa kabichi walipata, katika vizazi vingi, kimeng'enya cha kuizima silaha ya glukosinoleti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mimea ya jamii ya kabichi na vipepeo hao wamekuwa wakijibizana kwa mamilioni ya miaka, na kwamba kila upande umekuwa ukipata silaha mpya kwa kurudufu jeni zake. Mkulima wa kabichi wa leo anayeona majani yake yametobolewa anashuhudia mapigano ya karibuni katika vita virefu mno.

Pacha waliogawana kazi

Arabidopsis una jeni kadhaa za CYP79 zinazofanya kazi, na kila kundi limechagua malighafi yake. CYP79A2 hupokea fenilalanini. CYP79B2 na CYP79B3 hupokea triptofani. CYP79F1 na CYP79F2 hupokea methionini iliyorefushwa.

Hao wawili wa mwisho ni mfano mzuri wa pacha waliozaliwa kwa jeni moja kunakiliwa. Wamekaa jirani katika kromosomu moja, na maandishi yao yanafanana kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo CYP79F1 hupokea methionini fupi na ndefu pia, ilhali CYP79F2 amebaki na zile ndefu tu. Mmoja akiondolewa, mwingine hawezi kuziba pengo lote.

CYP79B2 na CYP79B3 nao wana jambo la pekee. Oksimu yao haiishii kwenye glukosinoleti tu. Sehemu yake huelekezwa kutengeneza dawa ya mmea dhidi ya kuvu, na sehemu nyingine inaweza kuelekea kwenye homoni inayosimamia ukuaji. Kimeng'enya kimoja kinaweza kulisha njia kadhaa, na mmea huamua kulingana na haja.

Katika mahindi, ambayo ni jamaa wa karibu wa mtama, hakuna dhurini. Jeni iitwayo CYP79A61 huamka jani linapotafunwa na viwavi, na kutengeneza oksimu kutokana na fenilalanini. Katika mti wa mpopla wa Ulaya, ndugu wengine wa ukoo huu hutoa oksimu nyepesi zinazopaa hewani kutoka jani lililojeruhiwa, na harufu hizo huwavuta nyigu ambao hutaga mayai ndani ya viwavi. Hapo oksimu haipelekwi popote. Yenyewe ndiyo ujumbe.

Makasi mawili ya mhunzi mmoja

Si CYP79 pekee inayosimulia kisa hiki. Vimeng'enya vinavyoikata sukari na kuiachilia sumu navyo ni wa ukoo mmoja. Linamarasi ya muhogo na mirosinasi ya kabichi, kile kimeng'enya kinachofungua ukali wa haradali unapoisaga, ni ndugu. Katika Arabidopsis peke yake ukoo huo una jeni zaidi ya 40, na wengi wao hufanya kazi zisizohusiana na sumu kabisa, kama vile kujenga ukuta wa chembe.

Tofauti kati ya linamarasi na mirosinasi inaonyesha jinsi badiliko dogo linavyoweza kuwa na athari kubwa. Katika vimeng'enya vya kawaida vya ukoo huu, mahali pa kukatia pana asidi mbili za glutamiki zinazosaidiana. Katika mirosinasi, moja kati ya hizo imebadilika ikawa glutamini. Badiliko hilo peke yake lingeweza kukiua kimeng'enya. Lakini mirosinasi imejipatia msaidizi kutoka nje: vitamini C, ambayo hushika nafasi ya kile kilichopotea. Kazi ya zamani imekuwa ngumu, na kazi mpya ya kukata glukosinoleti imewezekana.

Njia nyingi, mwisho mmoja

Utafiti wa mwaka 2011 ulilinganisha jeni za sumu katika muhogo, mtama na mmea wa jamii ya kunde uitwao Lotus. Katika mimea yote mitatu, jeni za hatua mbalimbali zimekaa karibu karibu kwenye kromosomu, kama mafundi waliopanga mtaa mmoja. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba mitaa hiyo ilijengwa kwa nyakati tofauti, kila mmea peke yake, kwa kuwatumia watu wa koo zilezile.

Katika mwaka huohuo watafiti walionyesha jambo la kushangaza zaidi. Nondo mmoja wa Ulaya mwenye madoa mekundu hutengeneza linamarini yeye mwenyewe mwilini, kwa kimeng'enya chake cha P450, ambacho hakikutoka kwa mmea. Mdudu na muhogo wamefika mahali pamoja kwa njia mbalimbali.

Jambo linalofanana limetokea katika vinywaji vyetu. Kahawa na chai zote zina kafeini, na zote huitengeneza kwa vimeng'enya vya ukoo mmoja. Lakini kila mmoja alichukua tawi lake la ukoo huo na kulirudufisha kivyake. Mswada kamili wa jeni za kahawa ya robusta, uliochapishwa mwaka 2014, ulithibitisha kwamba kafeini ya kahawa ilizuka bila kutegemea ile ya chai wala ya kakao.

Fundisho kwa watafiti ni la tahadhari. Jeni mbili zikifanana, haimaanishi kwamba zinafanya kazi moja. Na kazi mbili zikifanana, haimaanishi kwamba zimetokana na jeni moja. Kufanana huonyesha undugu. Kazi hujulikana kwa kupima: kuiweka jeni katika hamira au bakteria na kuona inatoa nini, au kuizima katika mmea na kuona nini kimekosekana.

Gharama kwa mwanadamu

Kwa wanaokula muhogo, haya yote si habari za maabara. Mwaka 1938 daktari Mtaliano Giovanni Trolli aliandika kuhusu ugonjwa wa kupooza miguu uliokuwa ukiwapata watu wa kusini magharibi mwa Kongo. Wayaka wa huko waliuita konzo, neno lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali, ugonjwa huo uliwapata zaidi ya watu 1,000 katika mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Miongoni mwa waliouchunguza alikuwa daktari wa Uswidi Hans Rosling, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa kazi yake ya takwimu. Mwaka 1985 konzo ilionekana pia Tarime, kaskazini mwa Tanzania.

Konzo huja ghafla. Mtoto hulala akiwa mzima, na asubuhi miguu inakakamaa na kukataa kumbeba. Huwapata zaidi watoto waliokwisha kuacha kunyonya na wanawake wa umri wa kuzaa. Haiponi.

Mwili wa binadamu una kimeng'enya cha kuigeuza sayanidi kuwa kitu chenye madhara madogo, lakini kazi hiyo huhitaji salfa, na salfa hutoka katika protini za maharage, samaki, nyama na mayai. Ukame huleta mambo mawili kwa wakati mmoja: huongeza sumu katika muhogo, na huondoa kitoweo katika sahani. Njaa nayo humfanya mama apunguze siku za kuloweka. Mambo hayo matatu yakikutana, konzo huingia nyumbani.

Je, jeni hizo zizimwe?

Swali hili limeulizwa kwa muda mrefu. Mwaka 2005 watafiti waliififisha sauti ya CYP79D1 na CYP79D2 katika muhogo, na sayanidi katika mizizi ikapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Katika miaka ya karibuni, teknolojia ya kuhariri jeni iitwayo CRISPR imetumika kuzizima pacha hao wote wawili kwa pamoja, na mimea iliyopatikana haikutoa sayanidi. Ilikuwa lazima kuwazima wote, kwa sababu ndugu mmoja akiondolewa mwingine huendelea na kazi.

Hata hivyo linamarini ina kazi zaidi ya moja. Katika jaribio la mwaka 2003, muhogo uliopungukiwa sana na linamarini ulishindwa kuota mizizi maabara mpaka ulipoongezewa amonia. Inaelekea kwamba linamarini ni ghala la naitrojeni pia, si silaha tu. Isitoshe, wakulima wengi katika Malawi, Msumbiji na Kongo hupanda muhogo mchungu kwa makusudi. Nguruwe mwitu na nyani huukwepa, na mwizi hawezi kuung'oa usiku akautafuna njiani. Mmea usio na sumu ni mmea usio na mlinzi.

Hivyo suala la kuzizima jeni hizo linabaki kuwa la kupimwa shambani, pamoja na wakulima wenyewe, na kwa sheria za kila nchi kuhusu mazao yaliyohaririwa.

Kinachowezekana leo

Wakati utafiti ukiendelea, elimu ya vimeng'enya inaeleza kwa nini mbinu za bibi zetu zinafanya kazi, na kwa nini njia za mkato zinaua.

Kuchemsha peke yake hakutoshi kwa muhogo mchungu. Moto huiua linamarasi mapema, na linamarini, ambayo huvumilia moto, hubaki nzima ndani ya chakula. Kinachotakiwa ni kuwakutanisha kimeng'enya na sumu kwanza, kisha kuiacha sayanidi ipae.

Kuloweka mizizi kwa siku kadhaa mpaka ilainike huvunja kuta za chembe na kuiachia linamarasi nafasi ya kufanya kazi. Kukuna na kuvundika hufanya hivyo pia. Kuanika vipande vikavu juani bila kuloweka ni dhaifu zaidi, kwa sababu chembe nyingi hukauka kabla viwili hivyo havijakutana.

Kisamvu, ambacho Rwanda na Burundi hukiita isombe na Wakongomani hukiita pondu au sombe, kina linamarini nyingi lakini pia linamarasi nyingi. Kutwanga vizuri ndiko kunakoondoa hatari. Baada ya hapo chungu kinachochemka bila kufunikwa huifukuza sayanidi iliyokwisha kutoka.

Kwa unga ambao tayari umesagwa, Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alipendekeza mbinu nyepesi. Unga huchanganywa na maji, hutandazwa katika tabaka jembamba, na huachwa juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5, kabla ya kupikwa siku hiyohiyo. Linamarasi iliyobaki katika unga huzinduka na kumaliza kazi yake. Mbinu hiyo ilifundishwa kwa akina mama katika vijiji vya Popokabaka, kusini magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katika vijiji vilivyoifuata wagonjwa wapya wa konzo walikoma kuonekana.

Mmea ulichukua mamilioni ya miaka kuupata ufunguo na kufuli lake, kisha ukaviweka mbalimbali ili visikutane ila kwa adui. Anayeula muhogo anapaswa kuvikutanisha mapema, nje ya mwili wake, akiwa na maji, jua na saa chache za subira.